Mgeni aliyepewa jembe: tumpime vipi mwongoza okestra wa mikoani?

Mapema mwaka 1930, mwanamke wa miaka 27 alisimama mbele ya okestra ya Berlin Philharmonic akainua kijiti. Jina lake Antonia Brico, mzaliwa wa Rotterdam aliyelelewa California, mhitimu wa darasa la juu la uongozaji katika chuo cha muziki cha Berlin. Julai 1938 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza New York Philharmonic. Katikati ya hayo mawili alikuwa ameanzisha okestra ya wanawake pekee jijini New York, mwaka 1934, kwa kuwa wanawake waliojua kupiga ala hawakuwa na pa kupigia. Mwaka 1942 akahamia Denver, Colorado, akitumaini kwamba siku moja atakabidhiwa okestra kubwa ya mji ule. Hakukabidhiwa. Alibaki Denver mpaka alipofariki mwaka 1989, akifundisha piano nyumbani na kuongoza okestra ya wapigaji wa ridhaa, watu waliotoka kazini jioni, wakala haraka, wakachukua fidla zao na kwenda mazoezini.

Kisa hiki husimuliwa kila mara kama kisa cha anguko: kutoka Berlin hadi kwenye ukumbi wa mkoani, kutoka kwa mabingwa hadi kwa wahasibu wanaokosea noti. Nusu ya simulizi hiyo naikubali bila ubishi. Brico alidhulumiwa. Alikuwa na nguvu na elimu ya kuongoza okestra yoyote, na mlango ulifungwa kwa sababu ya jinsia yake. Nusu ya pili ndiyo inayonikera, ile inayochukulia kwamba miaka ile zaidi ya 40 ya Denver ilikuwa chumba cha kusubiria, kwamba kazi ya kweli ilikuwa kwingine na haya mengine ni makombo. Okestra aliyoilea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 ingali inapiga muziki hadi leo, kwa jina la Denver Philharmonic. Ni waongozaji wangapi mashuhuri wa enzi yake wameacha kitu kinachopumua hivyo?

Tatizo ni kipimo. Tumezoea kumpima mwongozaji kwa urefu wa jukwaa analosimama. Wasifu wake huandikwa kama ngazi: alianza huku, akapanda pale, sasa yuko kule juu. Mtu ambaye kwa miaka 30 ameongoza okestra ya mji wa kati, akafundisha chuoni siku mbili kwa juma, akasimamia okestra ya vijana Jumamosi na kwaya Jumapili, wasifu wake hausomeki kwenye ngazi hiyo. Unaonekana kama vipande vipande. Watu wema huuita "kazi yenye mengi ndani yake," wakimaanisha kwamba hakufika.

Lugha yetu ingeweza kutuongoza vizuri zaidi. Kwa Kiswahili, anayesimama mbele ya kwaya huitwa mwalimu wa kwaya. Huitwa hivyo mazoezini, na huitwa hivyo hata siku ya onesho, wakati kufundisha kumekwisha na kilichobaki ni kuinua mikono. Hakuna anayeona ajabu. Walioliweka jina hilo walijua kwamba kile kinachosikika jukwaani kilifanyika wiki tatu nyuma, katika chumba chenye joto, sauti ya pili ilipoimba mstari uleule mara ya saba. Ninachodai katika makala haya ni hilo tu: mwongoza okestra wa mikoani ni mwalimu ambaye mara kadhaa kwa mwaka huonekana hadharani, na tukitaka kuijua thamani ya maisha yake ya kazi, tuanzie kwenye ufundishaji.

Tuanze hata hivyo na pesa, maana wingi wa kazi zake hautokani na hamu peke yake. Nchini Marekani, ambako okestra za aina hii ni nyingi, wapigaji wengi wa mikoani hawana mshahara. Hulipwa kwa kikao. Zoezi moja ni kikao, kwa kawaida saa mbili na nusu, na onesho ni kikao kingine. Mpigaji huunganisha okestra tatu au nne, akiendesha gari kutoka mji hadi mji, na wiki ya onesho hukutana na wenzake kwa mazoezi manne au matano tu. Mwongozaji wao naye yuko katika hali hiyohiyo, ila suti yake inaficha. Posho ya okestra haimtoshi, kwa hiyo anaongeza chuo. Chuo kinataka okestra ya wanafunzi. Okestra ya mji inataka atafute wafadhili, ale nao chakula cha jioni, aende redioni, atembelee shule za msingi na kuwaonyesha watoto tofauti ya viola na fidla. Kwa nje ni utajiri wa shughuli. Kwa ndani, kwa wengi, ni hesabu ya kodi ya nyumba.

Nalisema hili mapema ili nisieleweke vibaya. Sitaki kuupamba uhaba. Bodi ya okestra inayomlipa mtu nusu ya mshahara na kumtaka afanye kazi mbili nzima "kwa mapenzi ya muziki" haistahili kusifiwa, na makala ya kuusifu ualimu yanaweza kugeuzwa kwa urahisi kuwa kisingizio chao. Mwalimu anastahili kulipwa kama mwalimu na mwongozaji kama mwongozaji, hata kama ni mtu mmoja.

Lakini hebu tuingie chumba cha mazoezi, kwa sababu ni huko ndiko jambo lenyewe lilipo.

Chukua simfoni ya tano ya Beethoven. Karibu kila mtu anaijua inavyoanza: noti tatu fupi, kisha moja ndefu. Wachache wanajua kwamba muziki ule unaanza na kimya. Kabla ya noti tatu kuna pumziko fupi lililoandikwa kabisa katika karatasi, la urefu uleule wa noti moja kati ya zile tatu, na ni hilo linaloangukia kwenye pigo la mwongozaji. Maana yake, mkono wake unashuka na hakuna kinachosikika, halafu wote waingie pamoja mara tu baada ya kimya hicho. Hakuna mdundo wa kushikilia. Mbele ya okestra kubwa, hapa mwongozaji anaweza kufanya karibu lolote. Wapigaji wameupiga muziki huo tangu ujanani, wanamtazama kiongozi wa fidla za kwanza, na wataingia pamoja hata mkono wa jukwaani ukitetereka.

Mbele ya okestra ya mkoani, nusu wanaingia mapema kwa hofu na nusu wanachelewa kwa hofu hiyohiyo. Mwongozaji ambaye ni mwongozaji tu atarudia. Atarudia tena kwa ishara kubwa zaidi, kisha atasema, "Nitazameni!" Watamtazama, na watakosea vilevile, kwa sababu shida haiko machoni. Mwalimu atasimamisha kila kitu. Atawaambia waweke pinde mapajani. Atawaomba wavute pumzi kwa sauti pale kwenye kimya, kisha watamke zile noti tatu kwa midomo. Wapiga ala za kupuliza watafanya hivyo bila shida, maana bila pumzi hawana sauti, wamezoea kuanza na mapafu. Wa ala za nyuzi ndio watakaogundua kwamba kwa miaka yote wamekuwa wakianza muziki huku wamebana pumzi. Sasa wanapumua pamoja na klarineti. Mara ya kwanza inakuwa vurugu. Mara ya tatu chumba kizima kinaingia kama mtu mmoja, na utaona nyuso zikibadilika.

Nimewahi kukaa safu ya mwisho ya fidla za pili siku ya zoezi la namna hiyo. Nakumbuka mshtuko wa kusikia sauti yangu ikimezwa na sauti ya wengine, si kwa kuzidiwa nguvu, kwa kulingana nao. Nilikuwa nimepiga fidla miaka sita na hakuna aliyekuwa ameniambia nipumue.

Uwezo wa kutambua kwamba kosa la mkono limetoka kwenye pumzi ni wa kiualimu, na haupatikani kwa kusimama mbele ya watu wasiokosea. Kuna mifano mingine ya aina hii ambayo msikilizaji wa ukumbini haioni kamwe. Ala za kupuliza zinaposhikilia kordi kuu, yaani sauti tatu zinazolia pamoja, anayepiga ile sauti ya kati anatakiwa kuishusha kidogo kuliko piano inavyoitoa, kama sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni, ndipo kordi itulie. Mpigaji bingwa anashusha bila kufikiri. Mpigaji wa ridhaa amenunua kifaa cha kupimia sauti, kifaa kinamwambia yuko sawasawa, na anashangaa kwa nini jirani zake wanakunja uso. Kumwambia "umepanda" hakumsaidii, kwani kifaa kinasema hajapanda. Inabidi afundishwe kusikia nafasi yake ndani ya kordi: unyamazishe okestra, ubakishe ala mbili za nje, kisha umwambie aingie taratibu akitafuta pale ambapo mtikisiko unakoma. Dakika nne zimekwenda, na mazoezi yamebaki mawili. Kwa hesabu ya onesho la Jumamosi ni hasara, ila mpigaji huyo hatakosea tena hivyo maisha yake yote, na mwakani atamfundisha kijana anayekaa kando yake.

Hata uteuzi wa muziki ni somo. Mwongozaji mgeni huchagua kile anachokijua vyema au kitakachomtangaza. Anayeishi na okestra yake huanza na watu: mwaka huu kwenye ala za kupuliza tuna mpiga obo mmoja mwoga, basuni hatuna wa pili, na kwenye nyuzi viola tano ambazo mbili zimehamia kutoka fidla mwaka jana. Anatafuta simfoni ambamo yule mwoga atapata mistari minane ya peke yake, isiyo mirefu, mahali ambapo nyuzi zimetulia chini yake. Anampa mwaka huu mistari minane ili baada ya miaka mitatu ampe ukurasa mzima. Programu ya onesho ukiisoma ukumbini ni orodha ya majina ya watunzi. Ukiisoma ukiwa unawajua wapigaji, ni mtaala.

Na tusidhani kwamba mchanganyiko huu wa kazi ni dalili ya zama mbaya. Mtunzi Joseph Haydn aliajiriwa na familia ya makabaila ya Esterházy mwaka 1761, na sehemu kubwa ya miaka karibu 30 iliyofuata aliitumia mbali na Vienna, hasa katika kasri lililojengwa mashambani huko Hungaria. Mkataba wake ungeweza kuwa wa mwongozaji yeyote wa mikoani leo, tukiacha sare ya utumishi aliyotakiwa kuivaa. Alitakiwa kutunga, kuongoza, kutunza ala na karatasi za noti, kuwafundisha waimbaji, na kuamua ugomvi wa wapigaji. Okestra yake ilikuwa ndogo, mara nyingi watu wasiofika 25. Ni katika shamba hilo ndiko simfoni ilikopata umbo ambalo Ulaya nzima ililifuata baadaye. Haydn aliandika simfoni zaidi ya 100, nyingi zikiwa zimekatwa kwa kipimo cha watu aliowajua kwa majina, huyu ana honi nzuri ya juu, yule selo yake inaimba. Mwaka 1772, wapigaji walipochoka kukaa mbali na familia zao, aliwatungia simfoni ambayo mwishoni wanasimama mmojammoja na kuondoka mpaka zinabaki fidla mbili. Mtu asiyeishi na wapigaji wake hawezi kutunga hivyo, kwa sababu hajui kwamba wanakumbuka nyumbani.

Kutenganisha uongozaji na ualimu, kumfanya mwongozaji mtu wa ndege anayeshuka Alhamisi na kupaa Jumapili, ni jambo la jana tu. Kwa bahati mbaya limeshuka hadi mikoani. Okestra nyingi za miji ya kati sasa zina mkurugenzi wa muziki anayeonekana mjini wiki sita au nane kwa mwaka, huku akishika nafasi kama hiyo katika miji mingine miwili. Bodi hupenda, kwa sababu jina lake linang'aa kwenye bango. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakai mpaka siku ya tatu. Na palipo na mkurugenzi wa namna hiyo, kazi za jembe (okestra ya vijana, shule, kumtafutia mpiga obo mwalimu) huangukia kwa msaidizi anayelipwa kidogo, ambaye naye anahesabu miezi aondoke.

Mfano ninaourudia mara nyingi katika mabishano haya ni Louisville, Kentucky. Okestra yake ilianzishwa mwaka 1937, na mwongozaji wake wa kwanza, Robert Whitney, alikaa miaka 30, hadi 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilikuwa taabani kifedha. Meya wa mji, Charles Farnsley, akatoa wazo ambalo wengi wangelicheka: acheni kuwaalika wapigaji maarufu wa gharama kubwa, pesa hizo walipeni watunzi walio hai wawaandikie muziki mpya. Whitney akakubali. Mwaka 1953 taasisi ya Rockefeller ikaipa okestra hiyo dola 400,000 kwa kazi hiyo, ikaanza kuagiza tungo kwa makumi, kuzipiga na kuzirekodi kwa lebo yake yenyewe. Okestra ya wapigaji wapatao 50 katika mji ambao hakuna aliyeuhesabu katika ramani ya muziki ikawa inapokea kazi kutoka kwa watunzi wakubwa wa dunia. Elliott Carter aliwaandikia *Variations for Orchestra*, kazi ngumu hata leo kwa okestra zenye mara mbili ya watu wale.

Kisa cha Louisville kwa kawaida husifiwa kama kisa cha utunzi. Mimi nakisoma kama kisa cha shule. Fikiria ulikuwa mpiga fidla wa kawaida mjini pale mwaka 1955. Wiki baada ya wiki unawekewa noti ambazo hakuna mtu duniani aliyewahi kuzipiga. Huwezi kusikiliza sahani ya gramofoni ukaiga, kwa kuwa sahani ndiyo wewe unayekwenda kuitengeneza. Utajifunza kusoma, utajifunza kuhesabu, utajifunza kukisia nia ya mtu ambaye hujawahi kumsikia. Nyingi ya tungo zile hazisikiki tena, na sioni haja ya kulificha hilo, wala sioni kwamba linaharibu lolote. Whitney alijua anachokijenga. Mwaka 1956, huku akiendelea na okestra, akawa pia mkuu wa shule ya muziki ya Chuo Kikuu cha Louisville, nafasi aliyoishika hata baada ya kuiacha okestra. Kwake hizo hazikuwa kazi mbili zilizogombea saa zake. Wanafunzi wa chuo waliketi okestrani, wapigaji wa okestra walifundisha chuoni, na muziki mpya uliopigwa Jumamosi ulijadiliwa darasani Jumatatu.

Kuna pingamizi ninalolichukulia kwa uzito. Wanasema ualimu hushusha kiwango. Mtu aliyezoea kuwatia moyo wanaoanza huishia kuridhika na kidogo: anasifu jitihada, anapunguza kasi ya muziki ili kila mtu afike, na baada ya miaka kumi sikio lake limezoea kukosewa. Nimewasikia waongozaji wa namna hiyo. Onesho lao lina furaha nyingi na noti chache zilizo mahali pake. Ila huyo hajaharibiwa na ualimu, ameacha kufundisha, kwa sababu sifa ya bure ni njia ya kukwepa ile dakika nne ya kordi. Mtunzi Mwingereza Gustav Holst alifundisha muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's, London, kuanzia 1905 hadi kifo chake mwaka 1934, na kwa muda mrefu pia katika Morley College, chuo cha jioni cha watu wa kazi. Mwaka 1911 wanafunzi wake wa Morley walipiga *The Fairy Queen* ya Purcell, kazi ambayo noti zake zilikuwa zimepotea kwa karibu miaka 200. Kwanza walilazimika kunakili kwa mikono karatasi za kila sauti na kila ala, wao wenyewe, usiku baada ya kazi zao. Aliyewapa wafanyakazi wa London kazi hiyo hakuwa amewashushia kiwango.

Kwa upande mwingine, Holst alilipa. Tungo zake kubwa aliziandika wikendi na likizo, na mkono uliomuuma ulipokataa kushika kalamu, walimu wenzake wa shuleni ndio waliomsaidia kuandika noti. Anayesema kwamba kazi nyingi hazina gharama hajawahi kuzifanya.

Ngazi nayo ipo, siikani. Mwongozaji Mwingereza Simon Rattle alichukua okestra ya Birmingham mwaka 1980 akiwa na miaka 25, na mwishowe aliondoka kwenda Berlin. Ila angalia alivyopanda. Alikaa Birmingham miaka 18, mji ukajenga ukumbi mpya uliofunguliwa 1991, na alipofika Berlin mwaka 2002 alikwenda na mazoea ya mkoani. Miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyojulikana kwake kule ni mradi uliowakusanya watoto na vijana wapatao 250 wa shule za mji kucheza dansi juu ya muziki wa Stravinsky uliopigwa na okestra ile ile aliyowahi kuiongoza Brico. Mmarekani Marin Alsop alipita okestra za Eugene, Oregon, na Colorado kabla ya kuchukua ile ya Baltimore mwaka 2007. Mwaka uliofuata alitoa dola 100,000 kutoka katika tuzo yake ya MacArthur kuanzisha darasa la muziki la watoto 30 katika shule moja ya magharibi mwa mji huo. Watu hawa wawili wangeweza kufika walikofika bila kufundisha mtoto hata mmoja. Walichokipeleka juu ni kile walichojifunza chini.

Wapo ambao ngazi iliondolewa kabla hawajakanyaga. Dean Dixon, mzaliwa wa Harlem, aliiongoza New York Philharmonic mwaka 1941, Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Alikuwa mwalimu kwa mafunzo na kwa moyo, na mwaka 1944 alianzisha okestra ya vijana. Nafasi ya kudumu nchini kwake hakuipata. Mwaka 1949 akaondoka, na ikawa kazi ya Gothenburg, kisha Frankfurt na Sydney, kumpa okestra zake mwenyewe. Nikisema tusiipime kazi ya mwongozaji kwa urefu wa jukwaa, sitaki iwe faraja ya bei rahisi kwa waliofukuzwa jukwaani. Kosa la waliomnyima Dixon linabaki kosa. Linaongezeka tu pale ambapo, baada ya kumnyima, tunayahesabu kuwa si kitu yale aliyowapa vijana wa New York kabla hajapanda meli.

Kwa hiyo bodi ikikaa kuchagua mwongozaji mpya, au kumuaga aliyestaafu, ningependa wayaache kidogo majina ya kumbi alizosimama. Waende wakamuulize mpiga viola wa safu ya tatu anaweza kufanya nini sasa ambacho miaka mitano iliyopita hakukiweza. Watazame mpiga basuni wa pili wa leo alitoka wapi: aliazimwa kutoka mji wa jirani au alitoka okestra ya vijana ya hapohapo? Wasikilize zoezi badala ya onesho, tena zoezi la kwanza, siku mambo yanapoharibika. Na kama wana ujasiri, wamwondoe mwongozaji chumbani kwa nusu saa wasikilize okestra ikijifanyia mazoezi yenyewe. Iliyofundishwa itasimama, itapumua na kuanza. Iliyoongozwa tu itamsubiri arudi.

Brico alikuwa na mwanafunzi wa piano aliyemtegemea sana, msichana mwenye mikono myepesi na akili ya haraka. Akiwa na miaka 13 msichana huyo alipiga hadharani utunzi wa Mozart wa piano mbili na okestra. Mwalimu alishamuona tayari kwenye kumbi kubwa. Kisha mwanafunzi akapenda gitaa na nyimbo za kienyeji, akaacha piano, na mwalimu aliumia wazi. Msichana huyo alikuwa Judy Collins, na gitaa likamfanya mmoja wa waimbaji wanaojulikana zaidi nchini Marekani. Mwaka 1974, akishirikiana na Jill Godmilow, alirudi na kamera kutengeneza filamu ya maisha ya mwalimu wake. Filamu hiyo iliteuliwa kugombea Oscar. Mialiko iliyokuwa imekauka kwa miongo ikaanza tena, na Brico, sasa mwanamke wa miaka zaidi ya 70, akasimama tena mbele ya okestra za kulipwa, Hollywood Bowl ikiwemo. Kati ya safari hizo alirudi Denver, ambako wapigaji wake wa jioni walikuwa wamekwisha kupanga viti.